Diski ya Mgongo na Upasuaji wa Tundu Dogo: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Lamu

Maswali haya yamekusanywa katika chumba cha tiba ya viungo, barazani, na ndani ya boti za Mokowe, kwa kuwa watu wa hapa wakishajua unashughulika na migongo hawangoji siku ya kliniki. Wanaouliza ni mahamali wa bandarini, mafundi wa mashua wa Matondoni, wavuvi wa Kizingitini, akina mama waliokuna nazi miaka 30, na vijana wanaokaa kwenye kompyuta kutwa. Majibu hayachukui nafasi ya kupimwa. Ukiwa na haraka, anza na swali la 5.

## Mambo ya msingi

1. Diski ni kitu gani, na ikisemwa "imetoka", imekwenda wapi?

Uti wa mgongo ni pingili zilizopangwa moja juu ya nyingine: 7 za shingo, 12 za kifua na 5 za kiuno. Katikati ya pingili hukaa diski, kitu kama mto mdogo mgumu. Ganda lake ni nyuzi zilizopangwa tabaka juu ya tabaka, kila tabaka likipishana mshazari na jingine, kama miyaa katika ukili. Ndani mna ute mzito wenye maji mengi. Ganda likichanika, ule ute husukumwa nje, aghalabu kwa nyuma na upande mmoja, pale pale unapopita mshipa wa fahamu unaoshuka mguuni.

Kwa hiyo diski yenyewe haihami wala haitelezi, na hakuna mkono wa mtu unaoweza kuisukuma irudi. Kilichotoka ni sehemu ya ute. Kiunoni, takriban zote hutokea kwenye diski mbili za chini kabisa, kwa kuwa hizo ndizo zinazobeba uzito mwingi na kukunjwa zaidi.

2. Karatasi yangu imeandikwa "hernia". Ndiyo ngiri hii?

Hapana. Madaktari hutumia neno hilo kwa kitu chochote kilichopenya ukuta uliokizuia. Ngiri ni utumbo uliopenya ukuta wa tumbo, na hii ni diski iliyopenya ganda lake. Nalijibu swali hili kwa uzito kwa sababu nimemwona mzee aliyejifunga mkanda wa ngiri miezi mitatu akitibu mgongo, na hakuna aliyemweleza.

3. Maumivu yako mguuni, mgongo hauniumi sana. Mbona mnashughulika na mgongo?

Kwa sababu mshipa unaohisi mguu unatokea mgongoni. Ukibanwa kule juu, ubongo husikia kilio kutoka mwisho wa njia: takoni, nyuma ya paja, chini ya goti, mpaka unyayoni. Watu husema ni kama umeme, au kama maji ya moto yanayoshuka. Hii ndiyo siatika. Ute uliotoka pia humwasha mshipa, hata kama haujambana sana, ndiyo maana siku za kwanza huwa kali kuliko zinazofuata.

Kipimo rahisi: lala chali, mwenzako akuinulie mguu polepole ukiwa umenyooka. Kama maumivu yanaruka chini ya goti kabla mguu haujafika kimo cha digrii 70, mshipa una shida. Kisha jaribu kutembea kwa visigino, halafu kwa ncha za vidole. Ukishindwa kuinua kidole gumba au kusimama kwa vidole vya mguu mmoja, hiyo si habari ya maumivu tena, ni ya nguvu. Nenda swali la 20.

Maumivu yaliyobaki kiunoni bila kushuka mguuni kwa kawaida hayatokani na diski iliyotoka, na upasuaji unaozungumzwa hapa hauyatibu vizuri. Kumbuka jambo hili, litarudi.

4. Nilibeba boriti siku ile ile. Ndiyo iliyoniharibu?

Huenda boriti ilimalizia kazi, lakini haikuianza. Diski huchakaa polepole miaka mingi, na sehemu kubwa ya uchakavu huo ni urithi wa ukoo. Kubeba mizigo mizito kila siku na uvutaji wa sigara huongeza; diski ya mtu mzima takriban haina mishipa ya damu, hula kwa kufyonza kutoka mifupa ya jirani, na sigara huipunguzia riziki hiyo hiyo kidogo. Nimewaona wengi ambao ganda lilichanika wakiinama kuosha uso, wengine kwa chafya. Mtu akikwambia ulijitakia kwa kubeba vibaya, usimwamini moja kwa moja.

5. Ni dalili gani zisizongoja hata asubuhi?

Hizi:

Mkojo umeziba, au unakutoka bila kuusikia. Kinyesi kinakutoka. Ganzi imeshika sehemu za siri, makalio na ndani ya mapaja, yaani mahali panapogusa mgongo wa punda ukimpanda. Miguu yote miwili inalegea au inauma kwa pamoja. Hata moja tu kati ya hizi, ikija juu ya maumivu ya mgongo, inatosha kukutoa nyumbani.

Chini kabisa ya uti, mishipa hushuka kwa fungu kama mkia wa farasi. Kipande kikubwa cha diski kikilibana fungu zima, mishipa ya kibofu na haja kubwa huanza kufa. Matibabu ni upasuaji wa haraka, na muda huhesabiwa kwa saa: madaktari hutaka iwe ndani ya saa 48 tangu dalili kuanza, na mapema zaidi ndiyo bora. Sasa toa katika saa hizo boti ya kwenda Mokowe, toa barabara ya Hindi, Witu, Garsen na Malindi mpaka Mombasa, zaidi ya kilomita 300, toa foleni ya picha. Ndiyo maana uamuzi lazima ufanyike usiku ule ule, nyumbani, na mwenye mgonjwa.

Kinachowachelewesha watu ni haya. Mwanamume mzima hataki kumwambia mwanawe kwamba mkojo umemtoka. Mama hataki kumwambia nesi kijana kwamba hajisikii anapojisafisha. Nawaomba sana: semeni. Ukifika hospitali usiseme "mgongo unauma", kwa kuwa migongo inayouma ni mingi na utawekwa mstarini. Sema kwa maneno haya haya: "Mkojo hautoki, na sehemu za siri zina ganzi." Anayejua kazi yake atasimama.

## Picha na vipimo

6. Eksirei imetoka safi. Basi sina diski?

Eksirei huonyesha mifupa. Diski ni laini, haionekani. Eksirei safi haiithibitishi diski wala haiiondoi. Faida yake ni kuona mfupa uliovunjika, uliooza au uliosogea. Picha inayoonyesha diski na mishipa ni MRI, ambayo haitumii mionzi.

7. Basi nipige MRI leo?

Kama una dalili za swali la 5, au mguu unapoteza nguvu, ndiyo, leo. Kama sivyo, subiri wiki sita. Si ubahili. Picha ina tabia ya kuonyesha mambo ambayo hayana uhusiano na maumivu yako. Mwaka 2015 watafiti waliunganisha picha za watu 3,110 wasio na maumivu yoyote ya mgongo: kati ya wenye miaka 20, asilimia 30 walikuwa na diski iliyovimba nje, kati ya wenye miaka 80, asilimia 84. Hao wote walikuwa wakitembea na kufanya shughuli zao.

Kwa hiyo ripoti ikisema "diski tatu zimechomoza", usihesabu magonjwa matatu. Swali la maana ni hili: je, diski iliyo pichani iko upande ule ule na inagusa mshipa ule ule unaolia mguuni? Zikilingana, una jibu. Zisipolingana, hakuna upasuaji mdogo wala mkubwa utakaokufaa, hata ukiulipia mara mbili.

8. Ni lini tusishuku diski kabisa?

Mgongo unaouma usiku hata ukilala, pamoja na homa, jasho la usiku au kukonda, hutufanya tufikirie kifua kikuu cha uti wa mgongo. Hapa kwetu ugonjwa huo upo, na unaweza kumlemaza mtu wakati jirani zake wanamkanda mafuta. Kwa wafugaji na wanaokunywa maziwa yasiyochemshwa, kuna bruselosi. Mtu aliyewahi kuugua saratani, aliyeanguka mnazini, au anayetumia dawa za steroidi (dawa kali za kutuliza mwasho) muda mrefu, naye apimwe mapema.

## Kabla ya kufikiria upasuaji

9. Inaweza kupona bila upasuaji?

Ndiyo, na hili ndilo jibu ninalotamani kila mtu Lamu alijue kabla hajauza kiwanja.

Wengi hupata nafuu kubwa ndani ya wiki 6 hadi 12. Ute uliotoka nje ya ganda huonwa na mwili kama mgeni. Chembe za kinga huja, huukausha na kuula kidogo kidogo. La ajabu ni kwamba vipande vikubwa vilivyokatika kabisa ndivyo husinyaa zaidi. Picha inayotisha si lazima iwe na mwisho mbaya.

Uholanzi walifanya jaribio, matokeo yakachapishwa mwaka 2007. Wagonjwa 283 wenye siatika kali ya wiki 6 hadi 12 waligawanywa kwa bahati nasibu: nusu wapasuliwe mapema, nusu waendelee na tiba ya kawaida na kupasuliwa endapo hali itawashinda. Waliopasuliwa walipona maumivu ya mguu haraka zaidi. Lakini baada ya mwaka mmoja, asilimia 95 ya kila kundi walikuwa wamepona. Katika kundi la kusubiri, asilimia 39 waliishia kupasuliwa.

Soma pande zote mbili za habari hiyo. Kusubiri si ujinga, na anayepasuliwa naye si mwoga. Upasuaji hununua muda: miezi ya maumivu unayoikwepa. Kwa mtu anayelipwa kwa mwezi hata akiwa nyumbani, miezi hiyo ina bei moja. Kwa hamali asiyekula asipobeba, ina bei nyingine kabisa, na daktari anayekupa ushauri anapaswa kukuuliza unafanya kazi gani.

Kusubiri nako kuna mpaka. Kanada, mwaka 2020, jaribio la wagonjwa 128 waliokuwa na siatika kwa miezi 4 hadi 12 lilionyesha kuwa waliopasuliwa walikuwa na maumivu madogo zaidi baada ya miezi sita kuliko walioendelea kungoja. Basi ukifika mwezi wa nne mguu bado unawaka, ni wakati wa kuonana na daktari bingwa.

10. Nilale kitandani mpaka lini?

Siku moja mbili, maumivu yakiwa makali mno. Zaidi ya hapo unadhoofisha misuli inayoushikilia mgongo. Tembea ukumbini, halafu hadi msikitini, halafu ufuoni wakati wa maji kupwa mchanga ukiwa mgumu. Punguza kukaa, hasa kukaa umejikunja juu ya kibao cha mbuzi: nazi ikunwe na mwingine, au kibao kiwekwe juu ya meza. Kitanda cha kamba kilicholegea kikazwe.

Mazoezi yapo, lakini hayafanani kwa wote. Kuna wanaopata nafuu wakijinyoosha nyuma na wengine wakijikunja mbele. Alama njema ni maumivu kupanda: yakitoka unyayoni yakabaki takoni, unakwenda vizuri, hata kama kiuno kinauma zaidi. Yakiteremka, acha zoezi hilo.

11. Nachomwa sindano ya maumivu kila wiki. Kuna ubaya?

Diklofenaki na ndugu zake hupunguza maumivu kwa siku chache, ndizo siku za kuanza kutembea. Kuzitumia mfululizo huchimba vidonda tumboni, hupandisha presha na huumiza figo, na wengi wanaochomwa madukani tayari wana presha. Pregabalini, dawa ya maumivu ya mishipa ya fahamu, nayo hutolewa sana; jaribio la Australia la mwaka 2017 kwa wagonjwa 209 wa siatika halikuona tofauti kati yake na kidonge kisicho na dawa, ila kizunguzungu kilizidi. Ukiwa umeizoea usiikatize ghafla, punguziwa na daktari.

12. Na kukandwa, au kuumikwa?

Mkono mzuri wa mkandaji hulegeza misuli iliyokaza, na mtu akilala vizuri usiku mmoja hilo si jambo dogo. Kuumikwa kwa vyombo safi, ikiwa damu yako haina tatizo la kuganda, huwapa wengine faraja. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachofika kwenye diski. Ninachokataa ni kukanyagwa mgongo, kuvutwa na kuzungushwa kwa nguvu mguu ukiwa na ganzi, na kupasha moto ngozi isiyo na hisia, kwa kuwa utaungua bila kujua.

13. Daktari amependekeza sindano ya uti. Ndiyo upasuaji mdogo?

Bado. Ni steroidi inayowekwa karibu na mshipa, sindano ikiongozwa na eksirei. Hutuliza mwasho kwa wiki kadhaa. Kwa wastani faida ni ndogo na haidumu, lakini kwa mtu asiyelala inaweza kumvusha hadi mwili umalize kazi yake. Mwenye kisukari ajue sukari itapanda kwa siku kadhaa.

## Upasuaji wa tundu dogo

14. Unafanywaje?

Unalazwa kifudifudi. Mashine ya eksirei huonyesha pingili inayotafutwa, ili daktari asije akafungua ghorofa isiyo yake. Kisha kuna njia mbili kubwa.

Ya kwanza ni ya mrija na hadubini. Ngozi hukatwa kidogo, mirija midogo kwa mikubwa hupitishwa ikipanua misuli badala ya kuikata, hadi unabaki mrija mmoja wenye upana wa kama milimita 18 hadi 22. Kupitia humo daktari hupunguza mfupa kidogo, husogeza mshipa kando, na kwa koleo ndogo huchomoa kipande kilichotoka.

Ya pili ni ya kamera. Tundu ni la kama milimita 8. Kamera na vifaa hupita katika bomba moja, maji yakipita ndani muda wote ili paonekane safi. Huweza kuingia kwa nyuma kati ya mifupa, au kwa ubavuni kupitia tundu la mfupa ambamo mshipa hutokea.

Katika njia zote mbili, diski yenyewe huachwa mahali pake. Kinachotolewa ni kipande kinachobana na vibaki vilivyolegea.

Historia yake ni ndefu kuliko matangazo yanavyodai. Mixter na Barr wa Boston ndio waliochapisha mwaka 1934 kwamba siatika inatokana na diski na inatibika kwa kuitoa. Mwaka 1977 Yaşargil na Caspar, kila mmoja kivyake, walieleza kuifanya kwa hadubini. Mrija ulielezwa na Foley na Smith mwaka 1997.

15. Nimesikia papai linayeyusha diski. Kweli?

Kuna asili ya habari hiyo. Kimopapaini, kimeng'enya kutoka utomvu wa papai, kilianza kudungwa ndani ya diski za watu na daktari Lyman Smith wa Marekani miaka ya 1960, na kikaidhinishwa huko mwaka 1982. Kiliyeyusha ute kweli. Lakini wapo waliopata mshtuko wa mzio, na wachache waliharibika mishipa, na mwaka 2003 kiliacha kuuzwa. Kula papai ni vyema. Kujipaka utomvu wake mgongoni hakufiki popote isipokuwa kuibabua ngozi.

16. Na leza?

Leza huunguza sehemu ya ute ndani ya diski ili shinikizo lipungue. Haiwezi kukichomoa kipande kilichokwisha kutoka nje, na ushahidi wake ni dhaifu. Ukiona tangazo linaloahidi "leza, dakika 15, hakuna kisu", uliza kama diski yako bado imo ndani ya ganda. Kama imepasuka nje, hilo si lako.

17. Tundu dogo ni bora kuliko upasuaji wa kawaida?

Kidonda ni kidogo, damu hupotea kidogo, misuli huumia kidogo, na wengi hurudi nyumbani siku hiyo hiyo au kesho yake. Lakini kwa kile kilichokupeleka, yaani mguu, matokeo ya mbali hufanana. Mwaka 2022 Waholanzi walichapisha jaribio la wagonjwa 613: kamera ya ubavuni ikilinganishwa na upasuaji wa kawaida wa hadubini. Baada ya mwaka, kamera haikuwa nyuma.

Naligeuza jibu hilo hivi: mshipa haujui ukubwa wa kidonda cha ngozi. Unachojua ni kama umeachiliwa au la. Daktari aliyefanya mamia ya upasuaji wa hadubini ni bora kwako kuliko anayejifunza kamera kwa mgongo wako. Kamera ina mafunzo marefu, na si aibu kumwuliza ameshafanya mara ngapi.

18. Nani anafaa, na nani hafai?

Anafaa ambaye mguu unamuuma kuliko mgongo, dalili zake zinalingana na picha (swali la 7), na amejaribu tiba ya kawaida wiki sita au zaidi, au nguvu za mguu zinapungua. Hafai ambaye shida yake ni kiuno peke yake, au mwenye maambukizi mwilini. Mwenye pingili zinazocheza huenda akahitaji kuunganishwa kwa vyuma, jambo ambalo ni safari nyingine. Ukiambiwa utie vyuma kwa diski ya kwanza, moja, bila pingili kusogea, tafuta daktari wa pili kabla ya kusaini.

19. Nitapooza?

Hofu hii ndiyo inayowazuia wengi, kwa hiyo nijibu bila kuficha. Kupooza ni nadra sana. Kiunoni chini, ule uzi mkuu wa fahamu unaopita ndani ya pingili umeshaisha, imebaki mishipa. Yanayotokea zaidi ni haya: utando unaofunika mishipa kuchanika na maji kuvuja, ambayo hushonwa au huzibwa na kuhitaji kulala chali siku chache, maambukizi, ganzi mpya au mwasho wa mguu, hasa kwa njia ya ubavuni, na diski hiyo hiyo kutoka tena, ambako hukadiriwa kwa mtu 1 kati ya 20 hadi 1 kati ya 10. Kisukari kisichodhibitiwa na sigara huongeza hatari. Taja dawa zote unazokunywa, hasa za kuzuia damu kuganda, na usisahau za mitishamba.

Kuhusu usingizi: mrija na hadubini kwa kawaida huhitaji nusu kaputi. Kamera ya ubavuni huweza kufanywa kwa ganzi ya mahali, ukiongea na daktari, na hilo ni msaada kwa wazee wenye moyo dhaifu.

## Safari, malipo na kurudi Lamu

Wapi, na SHA (bima ya afya ya serikali) inalipa? Wagonjwa wetu huenda Mombasa au Nairobi. SHA ilichukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024. Hakikisha michango yako haina deni, pata barua ya rufaa kutoka hospitali ya hapa, na kabla ya kupanda boti pigia hospitali unayokwenda uulize upasuaji huo kwa jina lake umeidhinishwa kiasi gani na utaongeza kiasi gani. Uliza pia kama bei imejumuisha MRI, kitanda na kliniki ya kurudi. Waliokwama Mombasa wengi walikwama kwa hilo la mwisho.

Nitarudije? Kaa bara siku kadhaa hadi kidonda kionekane. Kwa basi, shuka utembee kila gari linaposimama. Kwa ndege, utashukia Manda, na hapo taabu ni ngazi za gati na boti: subiri maji yajae ili boti iwe karibu na gati, shikwa mikono miwili, kaa katikati au nyuma ambako mirusho ni midogo, usikae omoni. Wakati wa kusi bahari ikiwa chafu, ahirisha. Punda asipandwe wiki sita.

Kazi lini? Kutembea, siku ile ile. Ofisini, wiki 2 hadi 4. Kuvuta nyavu, kubeba mawe na boriti, wiki 6 hadi 12, ukianza na nusu mzigo. Kuoga baharini, kidonda kikishafunga kabisa.

Swala, choo na unyumba? Asiyeweza kusimama huswali amekaa, asiyeweza kukaa huswali kwa ubavu; ruhusa hiyo ni ya kale, na shekhe wa mtaa atakueleza namna ya kurukuu kwa ishara. Nimewaona wazee wakijilazimisha kusujudu wiki ya kwanza, machozi yakiwatoka. Choo cha kuchuchumaa kiwekewe kiti chenye tundu kwa mwezi mmoja, na kula matunda na maji mengi ili usijikamue. Unyumba baada ya wiki 2 hadi 4, anayeumwa akiwa chini.

## Visa vya pekee

20. Maumivu yamekwisha ghafla, lakini unyayo unaburuta. Nimepona?

La. Mshipa uliochoka kulia unaweza kunyamaza kwa sababu unakufa. Ukiona kandambili inakuvuka mguuni, au unajikwaa kwenye ngazi ulizozipanda tangu utoto, hiyo ni sababu ya kuonana na daktari bingwa ndani ya siku, si wiki. Nguvu hurudi vizuri zaidi mshipa ukiachiliwa mapema.

21. Nina mimba ya miezi saba.

MRI bila dawa ya kung'arisha picha huweza kufanywa. Wengi huvushwa kwa mazoezi, kulala ubavu na parasetamoli. Diklofenaki usiguse miezi hii. Dalili za swali la 5 hazina msamaha wa mimba, upasuaji hufanywa.

22. Yangu ni ya shingo.

Maumivu hushuka mkononi, na wengi hupona vile vile. Tofauti ni kwamba shingoni uzi mkuu wa fahamu wenyewe upo. Vidole vikiwa vizito kufunga vifungo vya kanzu, au mwendo ukawa wa kuyumba, usikandwe shingo, nenda ukapimwe. Upasuaji wake hufanywa mara nyingi kwa mbele, na kwa baadhi kwa kamera kutoka nyuma.

23. Nilipasuliwa miezi miwili iliyopita. Mguu hauumi tena, lakini kidole bado kina ganzi.

Maumivu hutangulia kuondoka, nguvu hufuata, ganzi huwa ya mwisho. Mshipa huota upya kwa kama milimita moja kwa siku, na kutoka kiunoni hadi kidoleni ni njia ndefu, kwa hiyo pima kwa miezi, hadi mwaka. Kwa wengine kipande kidogo cha ganzi hubaki daima. Angalia unyayo wako kila jioni kwa miiba na vipande vya kome, hasa ukitembea peku ufuoni, kwa sababu kidole hicho hakitakuambia kimekatwa.